Mkono Uliotulia

Shangazi alimimina chai ya rangi iliyopoa ndani ya chupa ya wiski, kidogo tu, akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa ile ile. Akabandika kipande cha plasta kwenye kitako, asije akaichanganya na nyingine, akairudisha rafuni.

Baa ilikuwa haijafunguliwa. Viti vilikuwa bado juu ya meza, sakafu inanuka sabuni.

Hakuwa mwizi. Miaka yote nyuma ya kaunta ile, hakuna mteja aliyewahi kulalamikia kipimo chake. Walimwita Shangazi ingawa wengi wao wangeweza kumzaa, na wakizidiwa walimwachia funguo za magari yao. Chupa hii ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Huyo walimwita Mikono Miwili. Mwembamba, mpole, nguo safi siku zote. Alikaa mwisho wa kaunta, mgongo ukutani, akinywa wiski na tangawizi kuanzia mchana mpaka ulimi uwe mzito. Glasi aliishika kwa mikono yote miwili, na bado ilimgonga meno.

Jana yake asubuhi, Shangazi akiwa anapanga glasi, mwanamke mwenye koti la kijivu aliingia akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, yule anayekaa pale mwisho," alisema, "ni mume wangu."

Shangazi akaweka kitambaa chini.

"Sikuombi umfukuze. Ukimfukuza atakwenda kunywa kwingine. Mpunguzie tu. Kidogo kidogo, asishtuke. Kuna kazi inamsubiri, na mkono ule hauwezi. Akiikosa na hii, tumekwisha."

Shangazi alikuwa na kaka. Pombe ilimwondoa, na katika baa zote zilizomnywesha, hakuna iliyotuma hata mtu mmoja mazikoni. Kwa hiyo hakuuliza mengi.

"Nitajaribu, wifi," alisema.

Basi akaanza. Kila baada ya siku chache aliongeza chai, akapunguza wiski, akatia tangawizi kali na barafu nyingi ili ulimi usihoji. Mwanzoni Mikono Miwili alitokwa jasho, akajikunja kwenye kiti kama mwenye homa. Kisha jasho likakauka. Siku moja Shangazi alimwona ameshika glasi kwa mkono mmoja, akageuka upande wa rafu ili asionekane anavyotabasamu.

Mwanamke alipita mara kwa mara, daima asubuhi, kabla ya wateja.

"Mkono wa kulia vipi?"

"Unatulia, wifi. Na uso umeanza kujaa. Jana hata chakula amekula akamali—"

"Mkono, dada."

"Mkono haujambo."

Mwanamke akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Shangazi alibaki akifuta mahali palipokwisha kufutwa. Wake wa walevi aliwajua. Wengine walilia, wengine walimtukana yeye na ukoo wake, lakini wote waliuliza kama mume anakula, kama analala. Huyu hakuwahi. Shangazi akajiambia kwamba ya ndoa wanayajua wenye ndoa.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba mgonjwa hakufurahia kupona.

"Ongeza, Shangazi," alisema Mikono Miwili. "Siku hizi haishiki."

Akaongezewa. Haikushika. Akatandaza mkono wa kulia juu ya kaunta, akautazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani kwake.

Jumamosi moja mchana wateja walikuwa wakibishana nani anaweza kupanga vizibo vya bia vikasimama mnara. Mafundi magari wawili walijaribu, mnara ukawaanguka.

"Mpeni Mikono Miwili," mmoja akacheka, "tuone tetemeko la ardhi!"

Vizibo vikasukumwa mbele yake. Labda na yeye alitaka vianguke. Akaweka kimoja, akaweka cha pili juu yake, na mnara ukapanda, ukapita shingo ya chupa, umenyooka kama uzi. Baa nzima ikapiga makofi.

Mikono Miwili akaubomoa kwa kiganja. Vizibo vikatawanyika sakafuni. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Shangazi," aliuliza kwa sauti ya chini, "hivi unaninywesha nini?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa koti la kijivu alisimama kizingitini, kwa mara ya kwanza baa ikiwa na watu. Nje, gari lilikuwa linanguruma. Hakumtazama Mikono Miwili usoni. Alitazama vizibo, kisha mkono.

Shangazi aliona wakati umefika. Mtu ana haki ya kujua nani anampenda. Akainama juu ya kaunta.

"Usinikasirikie, kaka yangu. Nimekuwa nikikupunguzia, na sasa unakunywa chai tupu. Mkeo ndiye aliyeniomba. Tazama, amekuja kukuchukua."

Mikono Miwili alitazama mlangoni. Kisha akaweka glasi chini, kwa mkono mmoja, bila kumwaga hata tone.

"Sina mke, Shangazi," alisema polepole. "Huyo ndiye anayetutuma kuua. Ukikataa, wanakuzika. Ukitetemeka, wanakuacha."