Kinu Kitupu

Katika mtaa wa kiwanda cha saruji, kila nyumba ilitundikiwa sikio ukutani, kifaa cha serikali ambacho huwasha taa nyekundu kila mara mtu anapokohoa. Mtaa ukikohoa mara mia tatu kwa siku, tanuri la kiwanda huzimwa kabisa na wafanyakazi wote hurudi makwao mikono mitupu.

Mwanaidi alikuwa akimsuka binti yake Tunu aliposikia kifua cha mtoto kikianza kukwaruza. Mbelwa, mumewe, aliyekuwa akifunga buti za kazi, akaganda.

"Vumilia, mwanangu," Mbelwa alinong'ona. "Baba akaingie zamu kwanza."

Tunu akaziba mdomo kwa viganja viwili, macho yakamtoka. Mwanaidi akakirukia kinu alichokinunua juzi, akatwanga kwa nguvu, wala kinuni hamkuwa na hata punje. Mtoto akakohoa ndani ya kile kishindo. Taa haikuwaka.

Mbelwa akashusha pumzi. Mwanaidi akapumzisha mchi, na hapo ndipo aliposikia. Jirani wa kulia alikuwa akitwanga, wa kushoto pia, nyumba kwa nyumba hadi kwenye lango la kiwanda. Na mtaa ule, siku zote, hula unga wa dukani.

Kifua cha Tunu kikakwaruza tena. Mwanaidi akaushika mchi.