Ugonjwa wa Kusimama

Quincy alisimama tena. Miguu yote minne ilikuwa imejikita mchangani, katikati ya zizi, na ndama waliyekuwa wakimfukuza alikuwa kule mwisho kabisa, anatafuna nyasi kana kwamba hakuna aliyewahi kumsumbua.

"Wewe mnyama una nini lakini?" Lyle Hodgkiss alimuuliza, akampiga visigino mbavuni.

Quincy akaondoka mara moja, kwa utiifu, kama si yeye aliyesimama. Hapo ndipo palipomchoma Lyle zaidi. Farasi mkaidi, huyo Lyle angemwelewa.

Quincy alikuwa amekimbia mashindano huko mashariki tangu ujana wake, na kasi ilipopungua, wenyewe wakamtoa. Kazi ya Lyle, hapa kwenye vilima vya Nebraska, ilikuwa kuwachukua farasi wa namna hiyo na kuwageuza wa kuchungia ng'ombe. Jambo gumu kuliko yote ni breki. Farasi wa mbio, ukimvuta hatamu, anadhani umemwambia aongeze. Lyle alimaliza majira yote ya baridi akimfundisha Quincy kinyume chake: mtu akilegea tandikoni na hatamu zikalegea, simama. Akaelewa. Akazoea na kamba, akazoea malango, akazoea hata fahali kumkoromea usoni. Kilichobaki ni huu ugonjwa wa kusimama tu.

Daktari wa mifugo alikuja, akakagua kwato, meno na mgongo, akasema farasi huyu ni mzima kuliko yeye daktari. Lyle akabadilisha tandiko. Akabadilisha lijamu. Akabadilisha mpaka ndama. Wapi. Leo Quincy anafanya kazi kama malaika, kesho anasimama kati ya mbio, anakodoa macho mbele, anangoja.

Na hakuwa wa kwanza. Farasi jike mwekundu aliyemtangulia naye alianza hivyo hivyo mwaka jana. Lyle akachoka naye, akamuuza kwa bei ya kutupa. Huko alikokwenda wanamsifia mpaka leo, eti hajawahi kusimama bila kuambiwa hata siku moja. Lyle aliposikia habari hizo alitema mate. Waongo wale.

"Labda unawachosha," mkewe Corinne alimwambia mezani.

"Siwachoshi."

"Au unawaashiria kitu bila kujua. Kwa mguu, labda."

"Corinne, mimi nimepanda farasi tangu sijaota meno. Usinifundishe mguu."

Corinne akamtazama. "Haya. Basi nijibu lile nililokuuliza."

"Umeniuliza nini?"

"Achana nalo," akasema. Akakiondoa kikombe cha kahawa iliyopoa mbele ya mumewe, akammiminia nyingine. Siku hizi walikuwa hawasikilizani kabisa, na Lyle alijua mkosaji ni nani. Mtu akishinda zizini na hasira za farasi, nyumbani anarudi masikio yameziba.

Jumamosi akaja Arlene Tvedt, mjane mzee mwenye ranchi ng'ambo ya mto, anatafuta farasi wa kazi. Hakutaka maelezo. Alimpanda Quincy mwenyewe, akamtenga ndama mmoja kutoka kundini, akamzuia kulia, akamzuia kushoto, akasimama pale alipotaka kusimama. Alishuka anatabasamu.

"Nitamchukua, Lyle," akasema, akimnyoshea mkono.

Mtu mwingine angeupokea mkono ule upesi. Lyle hakuweza. "Ngoja kwanza, Bi Arlene. Sitaki uje kunisema kanisani. Ana tabia moja mbaya, na nataka uione kwa macho yako."

"Mbona mimi hajanionyesha?"

"Ataionyesha tu. Ananijua mimi."

Akapanda. Arlene na Corinne wakabaki langoni, wameegemea uzio. Lyle akamfanyisha farasi kazi mpaka jasho likamtoka shingoni, wala hakusimama. Arlene akaanza kutazama saa. Lyle alihisi uso unamwaka. Mnyama huyu sasa alikuwa amekusudia kumfanya mwongo mbele ya watu. Akamtoa ndama mwingine, mwenye mbio zaidi. Quincy akamfuata, shingo chini, kazi safi kabisa, na Lyle akajikuta anaomba kimoyomoyo asimame, leo tu, mara moja tu.

Akasimama.

"Mmeona?" Lyle alipaza sauti, karibu kwa furaha. "Mmeona sasa? Hivi hivi tu, bila sababu..."

Akawatafuta kwa macho. Langoni hapakuwa na mtu. Arlene alikuwa hapa chini, ubavuni mwa Quincy, amezishika hatamu, anahema, na Lyle hakuelewa bibi wa umri ule alilivukaje zizi lote kwa kufumba na kufumbua. Upande wa pili Corinne alikuwa amemkumbatia Lyle mguu kwa mikono miwili, analia.

"Mmeingia humu kufanya nini? Angewakanyaga."

"Shuka polepole, Lyle," Arlene alisema. "Farasi hana neno. Hatamu zilikudondoka mkononi, naye akasimama."

"Mimi sijadondosha kitu."

"Tumekuita, mume wangu," Corinne akasema. "Tumekuita kutoka kule langoni mpaka hapa, na muda wote huo ulikuwa unatutazama bila kutuona."