Tarehe Juu ya Betri

Fundi alifungua kiti cha pikipiki, akainama, akachungulia ndani.

"Mama, ulisema haijaguswa tangu mzee afariki?"

"Mwaka wa pili huu. Weka betri mpya, mnunuzi yuko njiani. Nataka aisikie ikiunguruma, asije akasema nimemuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Mbona betri mpya imo?"

Mjane akasogea. Marehemu hakufunga betri bila kuiandika tarehe, kwa kalamu nyeusi, mwandiko kama kuku kaparura. Tarehe hii ilikuwa ya mwezi uliopita. Iliandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha, taratibu, na tarakimu ya mwisho ilikuwa imechuruzika kidogo.

Akageuka. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaificha nyuma.

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Waya wa hasi unatoka kwanza, halafu unarudi mwisho."

Alisema kwa sauti ileile ya baba yake, ya mtu asiyetaka kubishiwa.

Getini mnunuzi akapiga hodi. Fundi akanyoosha mkono apewe ufunguo. Mama akampita, akaenda kumkabidhi binti.

"Washa nisikie," akasema. "Huyo wa getini atasubiri."