Hodi kwa Mama

Sheria inamtaka kila mtunzi wa michezo ya vita ya kompyuta aweke humo nyumba ya kwao na jamaa zake, ili asiifanyie vita mzaha. Nilimweka mama, kwa sauti yake mwenyewe.

Kosa langu ni kumweka kama alivyo: ukipiga hodi, anafungua. Wachezaji waligundua upesi. Siku hizi hakuna anayevunja mlango.

“Shomvi, leo wameniua mara ngapi?” mama aliwahi kuniuliza nyumbani, akichambua mchicha.

“Wamepita tu, mama.”

Tulimzika mwaka jana. Sasa nikimkumbuka naingia mchezoni. Mchezo haumpokei mtu asiye na bunduki, basi naibeba, napiga hodi.

“Karibu, baba,” ananiitikia, kama anavyowaitikia wote.