Sitini na Mbili

Kabla ya kumwamkia mama mkwe wake, Kidoti alimtolea ulimi. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi, pua kwa pua na ajuza kitini pake, kisha akaitia sauti yake asali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe?" Mama mkwe alipapasa meza na kuinua uso wenye miwani ya fremu nyeusi.

"Ni mimi, Mama." Kipofu wee, akamalizia kwa midomo tu.

Tangu mzee avae miwani hiyo, duka la vitambaa la familia lilikuwa limegeuka shamba la bibi, na Kidoti ndiye mvunaji. Asubuhi hiyo alikata hariri ya zambarau mbele ya macho ya mzee, akaikunja na kuitia mkobani huku akimsimulia habari za mvua. Ajuza aliitikia kwa kichwa. Kweli, juzi alitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, lakini hiyo Kidoti aliiita bahati ya mtende.

Kilichobaki kilikuwa funguo za duka, ambazo hazikutoka kiunoni mwa mzee hata akilala. Mume wa Kidoti, mtoto pekee wa mama huyo, alikuwa na neno moja tu.

"Mama akiwa haoni, duka utashika wewe. Lakini niletee ushahidi wa mtaalamu, sitaki maneno ya jikoni."

Ushahidi ukajileta wenyewe. Akipekua droo ya mzee, Kidoti alikuta cheti cha miwani. Mistari ya jicho la kulia na la kushoto hakuijali, maana ilikuwa na sifuri tu, akaona haijajazwa. Chini yake ndipo palipokuwa na mambo: 62.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Jirani yao alivaa miwani ya namba mbili tu, naye alikuwa akisalimia nguzo za umeme. Sitini na mbili je? Huyo wa kuuza vitambaa au wa kulishwa kwa kijiko?

Mtaalamu wa macho, mwanamke mpole mwenye koti jeupe, alikipokea cheti.

"Niandikie tu kwamba mwenye cheti hiki haoni," Kidoti alisema. "Namba yake si unaiona mwenyewe? Sitini na mbili!"

"Hii si nguvu ya lenzi, dada. Ni milimita, kutoka mboni ya jicho hili mpaka mboni ya lile, ili fundi ajue pa kuweka katikati ya lenzi. Hata mimi nina sitini na moja."

Kidoti alimtazama kwa dharau. Koti jeupe, kumbe kichwani ni bure.

"Basi kuona kwake kumeandikwa wapi? Huku juu hapakujazwa."

"Pamejazwa. Kulia sifuri, kushoto sifuri."

"Sifuri!" Kidoti alipiga makofi. "Yaani haoni hata chembe! Andika hivyo hivyo, mama, tena piga na muhuri."

Mtaalamu alimrudishia cheti taratibu.

"Sifuri maana yake lenzi haina nguvu yoyote. Ni kama kioo cha dirisha. Mwenye miwani hii anaona vizuri kuliko mimi na wewe."

"Sasa mtu avae kioo cha dirisha kwa nini?"

"Hilo, dada, cheti hakisemi."

Kidoti alikisokomeza cheti mkobani, juu ya hariri. Njia nzima hakumcheka mtu. Alikuwa akizikumbuka asubuhi zote, moja baada ya nyingine.

Dukani alimkuta mumewe amesimama kando ya kiti cha mama yake.

"Haya, umeleta ushahidi?"

Kidoti alijifanya hakusikia. Aliinama mbele ya mzee, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mgonjwa.

"Shikamoo, Mama."

Mama mkwe alivua miwani, akaiweka mezani bila kupapasa. Kisha akamtolea ulimi, mrefu, mpaka kidevuni.

"Marahaba, mwanangu," akasema kwa sauti ya asali. "Mfungulie mumeo mkoba. Ushahidi si umo humo?"