Pini ya Nane

"Usiyatikise!" mama alimfokea binti yake, akimkabidhi ndoo ya mavi mabichi ya ng'ombe. "Yatapoa."

Binti aliipokea kwa mikono miwili. Kazini kwake, kwenye makumbusho ya viumbe, walimwita Daktari wa Mavi, naye alishazoea. Jina la utani halitoboi ngozi. Kazi yake ilikuwa kumtafuta dundu mmoja adimu wa mavi, wa kijani, mdogo kama punje ya haragwe, mwenye pembe iliyopinda kushoto. Vitabu vilisema anaishi katika bonde moja tu duniani, na hata huko hakuwa ameonekana kwa miaka thelathini.

Miezi mitatu ya kwanza alitoka kapa. Alizika ndoo ardhini hadi mdomoni, akatandika wavu juu yake, akaweka mavi juu ya wavu ili dundu akichimba atumbukie. Walitumbukia sisimizi, wakatumbukia mende, siku moja zikatumbukia funguo zake mwenyewe. Mavi yalikuwa ya nyumbani, ya ng'ombe ambaye mama hajawahi kumpa dawa ya minyoo, maana dawa hiyo huwaua dundu. Bado wapi! Jioni moja alirudi, akakaa kwenye kigoda zizini, akalia kwa kwikwi. Mama aliacha kukamua, akaomba aione picha ya huyo mdudu.

"Haka ndiko kanakokuliza?" akauliza, akarudi kwenye maziwa yake.

Siku mbili baadaye nyota ya binti ikang'aa. Dundu mmoja, msituni. Kisha mmoja kilimani, mmoja kando ya ziwa, mmoja nyuma ya machinjio. Pini nyekundu kwenye ramani ya ofisini zikafika saba, na kila mahali dundu ni mmoja tu, hazidi wala hapungui. Akaandika kurasa arobaini kueleza kwamba dundu huyu ni mpweke, kila mmoja na himaya yake, na jirani hamtaki hata kwa dawa.

Mkurugenzi alizisoma, akakuna kidevu. Mkataba wa binti ulikuwa unaisha Ijumaa. "Nimemwita yule mzee aliyeandika vitabu vyenyewe," alisema. "Akimwona dundu kwa macho yake, nakuajiri moja kwa moja. Asipomwona, ufungashe."

Siku yenyewe ilikuwa leo.

"Tuna mgeni kazini, mama," binti alisema akiwa tayari mlangoni na ndoo. "Bingwa wa mabingwa. Niombee."

"Mgeni! Ndiyo unaniambia sasa?" Mama alimpokonya ndoo, akarudi nayo zizini, akatoka akijipangusa mikono. "Haya, nenda. Na usiyachokoe njiani."

Hakuwa na haja ya kuambiwa. Mavi yakichokolewa hupoteza harufu, na dundu hufuata harufu.

Bingwa hakutaka msitu wala kilima. Alinyoosha bakora yake nje ya dirisha la ofisi. "Tega pale." Pale palikuwa pembeni mwa maegesho ya magari, kwenye kipande cha nyasi ambacho hata panzi alikipita bila kutua. Binti alitega, akashinda hajala. Saa nane mchana mzee alipiga goti, na suti yake nzuri, akainua wavu.

Walikuwa wawili. Dume na jike.

Mzee alivua kofia. "Mwanangu, miaka thelathini nimewadanganya watu," alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Hawa wako kila mahali. Tena wanaoana!"

Mkurugenzi alisaini barua ya ajira palepale, juu ya boneti ya gari, kisha akaenda mwenyewe kuchomeka pini ya nane.

Binti alifika nyumbani mbio, ndoo tupu ikimgonga miguuni. "Mama! Wameniajiri!"

Mama alipiga vigelegele mpaka ng'ombe akageuza shingo. Akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Halafu akakumbuka heshima ya nyumba. "Na mgeni je? Aliridhika?"

"Aliridhika mno. Wiki ijayo anarudi na wenzake sita."

Furaha ikamtoka mama usoni. "Sita!" Akageuka kuitazama sakafu ya zizi. "Wewe nilikuwa nakutilia mmoja mmoja. Mgeni nikaona aibu, nikamtilia wawili. Lakini hao sita, mwanangu, nitawatolea wapi? Chini ya huyu ng'ombe wamebaki watatu tu."