Mpira wa Daktari

Tonge la kwanza lilifika kooni likagoma. Fridolin alilisukuma kwa ulimi, akaligeuza, kisha akainuka haraka na kwenda kulitema nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Lilikuwa tonge la wali tu, mchele mpya wa shambani kwake, ule ambao kijiji kizima cha Mchombe kiliusifia kwa harufu. Sasa harufu hiyohiyo ilimkaba.

Aliporudi, mkewe Digna alikuwa amevuta sahani upande wake, anamalizia wali taratibu.

"Leo siku ya saba, Baba Eveline," alisema. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza. "Nesi alisema baada ya kipimo tumbo linaweza kujaa gesi na hamu ya kula ikapotea. Lakini alisema siku mbili. Sasa hii ya kwako ni ya namna gani?"

"Itarudi."

"Itarudi lini? Mpunga unapukutika shambani, na wewe hata mundu huwezi kuushika."

Fridolin alikuwa anasukutua mdomo, na maji nayo yalikuwa na ladha ya kutu.

Tangu watoke Ifakara kwenye kile kipimo, chakula chote kilikuwa kimemgeuka. Mlenda hakuweza hata kuutazama. Ulivyovutika kwenye mwiko ulimkumbusha mate mazito yaliyokuwa yakichuruzika kwenye kitanda cha hospitali. Jumanne Digna alinunua kambale, akiamini mchuzi wa samaki utamfungua tumbo. Fridolin aliuona ule mgongo mweusi, unaoteleza, ukizama ndani ya sufuria. Akakimbilia chooni akiwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Si kambale aliyemwona. Aliuona ule mpira. Mweusi, mrefu, umepakwa utelezi, ukiingia kooni kidogo kidogo, na yule daktari mgeni akisema kwa upole, "Meza. Meza tena. Usiubane." Aliisikia tena ile sauti ya mtu anayetaka kutapika na hana cha kutapika. Ikafuata harufu ya dawa iliyochanganyika na nyongo. Halafu ule wekundu uliolowa, unaopwita peke yake kama nyama iliyochunwa ikiwa hai. Na pale pembeni yake, kile kitu.

Kila alipofika hapo aliyakata mawazo. Alitema mate chini, akayafukia kwa kisigino, lakini mdomo ukajaa mengine.

Siku ya nane jirani yao Kandida alileta togwa kwenye kibuyu. Alimtazama Fridolin alivyokaza mkanda hadi kwenye tundu jipya alilotoboa kwa msumari, akatikisa kichwa.

"Mimi niliwaambia mapema. Mtu si bomba la maji, aingizwe mpira. Ona sasa mwanamume anavyokwisha."

"Kilikuwa kipimo cha dakika kumi tu, shoga," alisema Digna.

"Dakika kumi hizo zimemla kilo ngapi?"

Ili wanyamaze, Fridolin alikunywa mikupuo miwili. Chachu ilipogusa tumbo, togwa yote ikarudi, nyingine kwa mdomo, nyingine kwa pua. Ilimwagika kwenye ndevu na kifuani. Digna alimfuta kwa upindo wa khanga yake kama anavyofutwa mtoto mchanga. Fridolin alijinusa, uchachu na nyongo, akajichukia. Hakuweza kumtazama mkewe usoni.

"Sema tu kama kuna mahali panauma," alisema Digna.

"Hapaumi."

"Basi ni nini?"

Akageukia ukutani.

Siku ya kumi walipanda lori la mpunga kurudi Ifakara kuchukua majibu. Kinyama kilichokatwa siku ile ya kipimo kilikuwa kimepelekwa Dar es Salaam, na majibu yalisemekana yamefika. Njia nzima Fridolin aliomba kimoyomoyo kwamba bahasha iwe imepotea, au waambiwe warudi mwezi ujao, baada ya mavuno.

Kwenye korido ya hospitali benchi lilikuwa limejaa. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni alimwona Fridolin anavyoyumba, akasogea. "Kaa, ndugu yangu. Mgonjwa hasimami." Fridolin alikaa kwa aibu. Digna alisimama, ameegemea ukuta, anatafuna kidonge cheupe. Mwanamke aliyekaa jirani alikuwa anakula maandazi ya mafuta ya mawese. Fridolin akajiziba pua kwa kola ya shati.

"Tutaingia wote wawili," alimwambia mkewe bila kuinua kichwa.

"Tutaingia wote. Tulia."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi kijana alitoka na faili mkononi, akaita, "Mponda?" Macho yake yalipita juu ya watu, yakatua kwenye yale mashavu yaliyobonyea na shati lililokuwa limening'inia mabegani kama limeanikwa. Akamwendea Fridolin na kumshika mkono.

"Shikamoo baba. Pole. Inuka taratibu, daktari anakusubiri."

"Si yeye, dada," alisema Digna, akijitoa ukutani na kujifunga khanga vizuri. "Mgonjwa ni mimi. Mimi ndiye niliyemeza mpira. Yeye daktari alimwachia achungulie tu tumbo langu kwenye kile kioo, na tangu siku hiyo hajala. Wala hajaniambia aliona nini."